Mtalii hupima maji kwa macho. Mfanyabiashara wa Mara apime kwa nini?

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

MNUNUZI wa samaki katika soko lolote la Musoma au Tarime hadanganyiki kirahisi. Humgeuza samaki, humfunua mashavu aone kama bado ni mekundu, humbonyeza tumbo, humnusa, ndipo ataje bei. Anakijua anachokinunua.

Mtalii aliyetoka Ulaya au Marekani, aliyelipa maelfu ya dola ili asimame kando ya Mto Mara, hana ujuzi huo. Maji hayana mashavu ya kufunuliwa. Huyapima kwa macho, kwa pua na kwa habari alizozipata kabla hajapanda ndege. Akiridhika na hayo matatu hulipa, na asiporidhika hupeleka fedha zake nchi nyingine.

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za mazao na mifugo ili kuitazama bidhaa ambayo haiuzwi kwa debe wala kwa kilo, nayo ni ubora wa maji. Kwa mfanyabiashara wa Wilaya za Tarime na Serengeti, anayepeleka mboga na nyama kwenye kambi za watalii, aliyejenga nyumba ya wageni Mugumu, au anayenunua samaki Kirumi, Mto Mara ni mtaji. Bahati mbaya ni mtaji usioandikwa katika daftari lake la hesabu, na usipoandikwa hakuna anayeona unapopungua.

PWANI: MAJI MAANGAVU NDIYO MALI

Somo hili limechunguzwa zaidi kwenye fukwe za bahari, hivyo ni vema kuanzia huko. Kwa mujibu wa takwimu rasmi, Zanzibar ilipokea wageni 736,755 mwaka 2024. Wengi wa wageni wa namna hiyo huvutwa na picha ya bahari ya kijani-buluu na mchanga mweupe wa Nungwi, Kendwa au Paje. Uangavu wa maji ndio nembo ya biashara yenyewe.

Wataalamu wana njia mbili kuu za kujua mtalii anayathamini maji kwa kiasi gani. Ya kwanza ni kumuuliza: kama ufukwe huu ungesafishwa zaidi, ungekuwa tayari kuongeza fedha kiasi gani? Huu huitwa utayari wa kulipa. Ya pili ni kuhesabu gharama za safari: mtu aliyeupita ufukwe wa karibu na kwenda wa mbali ulio safi zaidi, nauli na muda aliovitumia vinaonyesha thamani ya tofauti hiyo kwake.

Mambo ambayo mgeni huyaona haraka ni uangavu, takataka zinazoelea, mwani uliooza na harufu. Asichokiona ni vijidudu. Maji yanaweza kung'aa hadi ukahesabu vidole vya miguu yako, na bado yakawa na vimelea vya maji taka. Yanaweza pia kuwa na rangi ya udongo baada ya mvua bila ya kumdhuru mtu. Padri Angelo Secchi wa Italia alipoanza mwaka 1865 kupima uangavu wa bahari kwa kuteremsha kisahani cheupe hadi kipotee machoni, alipima kile ambacho mtalii hupima hadi leo. Kisahani hicho hakiwezi kuhesabu vijidudu.

Kwa sababu hiyo Ulaya haikuacha kazi hiyo kwa macho ya wageni. Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilitoa kanuni za maji ya kuogelea zinazodai sampuli zipimwe maabara, na mwaka 1985 Ufaransa ikaanzisha Bendera ya Bluu, alama inayopewa ufukwe uliotimiza masharti. Bendera hiyo kazi yake ni kumfunulia mnunuzi mashavu ya samaki. Mgeni haoni vijidudu, lakini bendera anaiona.

Mkoa wa Mara hauna bahari. Una mto uliojaa viboko na mamba, ambao hakuna mtalii mwenye akili timamu atakayeoga ndani yake. Je, kanuni hizi zinauhusu? Zinauhusu sana, ila huku mambo yamegeuka juu chini.

KOGATENDE: MAJI YA TOPE YANAUZIKA

Kati ya Julai na Oktoba magari ya watalii hupanga foleni kwenye kingo za Mto Mara, maeneo ya Kogatende na Lamai, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wanasubiri nyumbu wavuke. Maji wanayoyatazama ni ya rangi ya chai ya maziwa. Hunuka. Mizoga hukwama kwenye miamba na ndege tumbusi hujaa juu yake. Katika viwango vya mwaka 2024 mtu mzima asiye mkazi alilipa dola 70 za kiingilio kwa siku katika msimu wa wageni wengi, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, mbali na gharama za malazi, gari na ndege.

Watafiti wamepima kinachoingia mtoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya humwaga ndani ya Mto Mara zaidi ya tani 36 za mavi mabichi kila siku. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2017, ulikadiria kuwa kwa wastani nyumbu wapatao 6,250 huzama katika mto huo kila mwaka, sawa na tani 1,100 hivi za nyama na mifupa. Uchafu kama huo ukionekana mbele ya hoteli ya Nungwi, hoteli itafungwa wiki hiyo hiyo. Kogatende ndiyo picha ambayo mgeni huipeleka nyumbani kwake.

Maana yake kibiashara ni hii: bei anayolipa mtalii wa Serengeti haibebi habari yoyote kuhusu ubora wa maji. Mto ukiwa na tope la asili atalipa. Ukiwa na dawa za mashambani au zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu, rangi itakuwa ile ile na atalipa vile vile. Katika soko la kawaida bei hupiga kelele bidhaa inapoharibika. Hapa bei iko kimya, na mwenye duka anaweza kudhani mambo ni shwari kumbe ghala linaungua.

NYUMBU NDIYE MPIMAJI

Hata hivyo yuko mteja mmoja katika biashara hii anayeyajua maji. Mteja huyo ni nyumbu.

Mwaka 1998 watafiti Emmanuel Gereta wa Hifadhi za Taifa Tanzania na Eric Wolanski wa Australia walichapisha matokeo ya vipimo vyao vya maji ya Serengeti. Walionyesha kuwa kiangazi kinapoingia, maji ya nyanda za kusini hupungua na kuzidi chumvi, na kwamba hali hiyo ni sehemu ya sababu zinazowasukuma nyumbu kuondoka kuelekea kaskazini. Huko kaskazini wanaukuta Mto Mara, mto unaotiririka mwaka mzima.

Ndugu msomaji, tazama mnyororo huo. Mtalii humfuata nyumbu. Nyumbu huyafuata maji. Kambi humfuata mtalii, na muuza nyanya wa Mugumu huifuata kambi. Kwa hiyo mtalii wa Serengeti, ambaye hajui lolote juu ya chumvi wala oksijeni ya majini, analipia ubora na wingi wa maji bila kujua, kupitia miguu ya nyumbu. Thamani ipo, ila imepita mlango wa nyuma.

Maji yenyewe huanzia mbali. Mto Mara una urefu wa kilomita 395 hivi, kutoka Msitu wa Mau nchini Kenya hadi Ziwa Victoria karibu na Musoma, na kiasi cha thuluthi mbili ya bonde lake kiko Kenya. Kukatwa kwa misitu ya Mau, kilimo cha umwagiliaji na mpango wa Kenya, uliozungumzwa tangu miaka ya 1990, wa kuhamisha maji ya Mto Amala kwenda bonde jingine kwa ajili ya umeme, ni mambo ambayo watafiti wameyatolea tahadhari. Hofu yao ni kwamba ukame mkali ukikutana na mto uliopunguzwa maji, nyumbu watakufa kwa wingi na kuchukua muda mrefu kurudia idadi yao. Mfanyabiashara wa Serengeti hana kura Nakuru wala Narok, lakini sehemu ya mtaji wake iko huko.

TARIME: MTO MMOJA, JINA MOJA

Mto ukitoka hifadhini unaendelea magharibi, ukiigawa Tarime na Serengeti, hadi kwenye kinamasi kikubwa na daraja la Kirumi katika barabara ya Musoma kwenda Tarime na Sirari. Eneo la Nyamongo, wilayani Tarime, kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Karibu na mgodi unapita Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake Mto Mara.

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi na kuingia Tigithe. Wananchi walilalamika kuwa watu na mifugo walidhurika na wengine kufa. Kampuni iliyomiliki mgodi wakati huo ilikanusha kuhusika na vifo. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliupiga mgodi faini ya Sh 5.6 bilioni kutokana na uchafuzi uliohusishwa na bwawa la topesumu. Baadaye mwaka huo umiliki ulibadilika, kampuni ya Barrick ikachukua uendeshaji, na Serikali ikawa na hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga.

Kisha ikaja Machi 2022. Maji ya Mto Mara upande wa Kirumi yaligeuka rangi na kunuka, samaki wakaelea wamekufa, na wananchi wakazuiwa kwa muda kuyatumia maji na kula samaki hao. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilieleza kuwa chanzo hakikuwa kemikali za mgodi bali kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa majani, mambo yaliyomaliza oksijeni majini. Wapo walioyapokea maelezo hayo na wapo walioyakataa hadharani, wakiwamo wanasiasa.

Mwandishi wa makala haya si mkemia na hatatoa hukumu. Itoshe kusema kuwa uchafu wa kuoza unaweza kuua samaki: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mvua kubwa zinapoyasafisha madimbwi ya viboko katika bonde hilo hilo, maji yanayoteremka hukosa oksijeni na samaki hufa. Lakini kwa mfanyabiashara ubishi wenyewe ni gharama. Mnunuzi asiyeamini majibu hununua kidogo au haji kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Tigithe huingia Mto Mara baada ya mto kuipita hifadhi, na Kirumi iko mbali zaidi upande wa ziwa. Maji ya Nyamongo hayapandi kwenda Kogatende. Mtalii aliyelala kambini kaskazini mwa Serengeti hakuyagusa, wala nyumbu anayevuka pale. Lakini habari haisomi ramani. Inapotangazwa kuwa Mto Mara una sumu, wakala wa safari wa Ujerumani hajui kama ni juu ya hifadhi au chini yake. Jina ni moja, na nembo ikichafuka huchafuka yote. Hivyo sifa ya muuza malazi wa Serengeti iko mikononi mwa mchimbaji na mfugaji wa Tarime, ingawa hawajawahi kuonana.

WAVUVI WALISHALIPIA SOMO HILI

Wasomaji wa kando ya ziwa wanakumbuka au wamesimuliwa. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka nchi zetu kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukazuia tena samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za uvuvi wa kutumia sumu. Sangara aliyevuliwa kwa nyavu halali kwenye maji safi alikataliwa sawa na yule aliyeuawa kwa dawa. Viwanda vya minofu vilipunguza kazi, mvuvi akauza kwa bei ya kutupa, na ilichukua miezi soko kufunguliwa. Kilichofungua mlango hakikuwa maneno matamu. Kilikuwa ni ukaguzi na vipimo vya maabara ambavyo mnunuzi aliviamini.

Utalii ni mwepesi zaidi wa kukimbia kuliko samaki. Watalii waliokuja Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, walishuka hadi 620,867. Mwaka 2024 walifikia 2,141,895. Ugonjwa wa dunia nzima haulingani na mto mmoja, lakini namba hizo zinaonyesha mwendo: mgeni aliyeogopa hafanyi majadiliano ya bei, anafuta safari.

HESABU YA MSIMU MMOJA

Tuchukulie mfano wa mfanyabiashara wa Mugumu mwenye gari dogo la mizigo, anayepeleka mboga, mayai na nyama kambini mara mbili kwa wiki, na kubakiwa na faida ya Sh 150,000 kila safari. Msimu wa Julai hadi Oktoba una wiki 17 hivi, yaani safari 34, faida Sh 5,100,000. Gari limenunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, marejesho Sh 1,200,000 kwa mwezi, jumla Sh 4,800,000 kwa miezi minne. Anabaki na Sh 300,000.

Sasa habari mbaya ya mto inatoka mwezi wa Agosti na kambi zinapunguza oda, safari nane zinapotea. Zinabaki 26, faida Sh 3,900,000. Mkopo haujui habari za mto. Anapungukiwa Sh 900,000, na gari liko hatarini kupigwa mnada. Huyu mtu hakuchafua hata ndoo moja ya maji. Hiki ndicho wachumi wanachokiita gharama za nje: anayesababisha hasara si anayeilipa.

Ukweli wa pili unauma. Wengi wetu wenye maduka na magari tunafuga pia. Ikiwa kamati ya 2022 ilisema kweli japo nusu, basi sehemu ya hasara inatoka kwenye mazizi yetu wenyewe. Na nyumba za wageni zinazochimba mashimo ya choo karibu na vijito haziwezi kumnyooshea mgodi kidole huku zikificha mkono wa pili.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

Kwanza, omba namba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zimeziweka kazi za kulinda na kusimamia maji mikononi mwa NEMC na bodi za mabonde, na kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Wafanyabiashara wakiwa kikundi, kupitia chama chao cha wilaya, waombe matokeo ya vipimo vya Tigithe, Kogatende na Kirumi yabandikwe mara kwa mara mahali pa wazi, wakati wa amani, badala ya kungoja samaki waelee.

Pili, tenganisha vituo. Mwenye kambi au nyumba ya wageni awe na ramani ndogo ya kumwonyesha mgeni na wakala mto unapoanzia, hifadhi iko wapi, mgodi uko wapi. Mgeni aliyeelezwa ukweli mapema hatashtushwa na kichwa cha habari.

Tatu, usiweke mayai yote kapu moja. Anayetegemea kambi za mtoni pekee atafute pia wateja wa mjini Mugumu, Fort Ikoma na vijiji vya Ikona, ambako msimu na vivutio haviufuati Mto Mara moja kwa moja. Na anayekopa apange marejesho yanayoweza kuvumilia msimu mmoja mbaya.

Nne, anza na uwanja wako. Choo mbali na kijito, maji machafu shimoni, mifugo inyweshwe kwenye birika na isiingizwe mtoni. Kila tarehe 15 Septemba, tangu mwaka 2012, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Wafanyabiashara wengi huichukulia kuwa siku ya hotuba na ngoma. Ingefaa iwe pia siku yao ya kuuliza maswali, kwani wenye mtaji ndio wenye haki ya kuona mizania.

Tulianza na mnunuzi wa samaki, tumalizie naye. Yeye hufunua mashavu kabla ya kulipa kwa sababu fedha ni zake na hasara ni yake. Mtalii hawezi kufanya hivyo kwa Mto Mara, na nyumbu, ambaye anaweza, hataandika barua ya malalamiko, ataondoka tu. Anayebaki ni mfanyabiashara wa Tarime na Serengeti. Asipoukagua mto yeye, siku moja atajua hali yake kwa kuiona kambi haina wageni na gari halina mzigo.